Shimo la Kwanza Kwenye Uwanja wa Mzee Bramli

Kwa Mzee Bramli, Natta,
S.L.P. 40,
Mugumu, Serengeti.

Alhamisi, 12 Novemba 1992.

Mpendwa Shangazi Felistas,

Shikamoo. Naiandika tena mara ya pili, shikamoo, kwa sababu moja haimtoshi mtu aliyekalia barua zako tatu bila kujibu hata moja.

Kabla sijaenda mbali: Wangwe wa lori la mahindi amekukabidhi gunia pamoja na barua hii. Tafadhali usilifungue kwanza. Liweke pembeni, keti, usome. Ukifika mwisho utajua mwenyewe kilichomo.

Habari za Kericho? Lile baridi bado linakusumbua kifua? Baba Ochieng anaendeleaje na kazi ya chai? Na Ochieng mwenyewe, ameacha kuandika kwa mkono wa kushoto au mwalimu ndiye aliyeshindwa? Mimi namuunga mkono Ochieng. Adhiambo nasikia meno ya mbele yameota, mwambie acheke mbele ya kioo kwa niaba yangu.

Sisi huku afya tunayo. Mvua zimewahi, mtama umeota vizuri upande wa mtoni. Bibi kule Susuni hajambo, ni miguu tu. Nilipita kwake mwezi wa nane akanizunguka kunikagua kama ng'ombe wa mnadani, akasema, "Umekonda wewe, hao Wazungu wa Natta hawali?" Nikamwambia Mzungu ni mmoja tu, Mzee Bramli, na anakula kunishinda. Alicheka mpaka akakohoa. Nimeona niandike la kucheka mapema, maana huko mbele halipo.

Barua yako ya mwisho, ile ya Septemba, uliuliza vitu viwili. Mzee Bramli anaendeleaje, na je, nyungo zako bado zipo? Shangazi, ile mistari miwili nimeisoma mpaka karatasi imekatika kwenye mkunjo. Leo najibu.

Nianze na dhahabu, maana ndiyo iliyoharibu mambo. Lakini nikisema hivyo najidanganya. Dhahabu haina mikono.

Zamani tulikuwa tunasikia Nyamongo tu, watu wanakwenda Nyamongo, wanarudi na redio au hawarudi. Mwaka huu mwezi wa nne kuna mtu alikuwa anachimba choo huku kwetu nyuma ya kilima, akatoa jiwe jeupe lina vimistari vya manjano. Basi! Wiki mbili tu kilima kikajaa mahema ya nailoni, mama ntilie, wauza betri, wahubiri, kila mtu ana karai na sururu. Mtu anakuuliza saa huku anaangalia udongo kwenye viatu vyako.

Na mimi unanijua. Kitu kipya kikija siwezi kukaa. Redio nilijifunza mwenyewe kwa kuifungua, na hii nilijifunza kwa kuangalia. Kuponda mawe, kuosha kwenye karai, kukamata kwa zebaki, kuchoma. Rafiki yangu Selestine, yule wa Ikoma aliyefukuzwa kazi kwenye kambi ya wageni, alikuwa na shimo kilimani, nikawa namsaidia mchana Mzee akiwa kwenye usingizi wake. Nilikuwa narudi mbio, nanawa mikono, nachemsha chai yake. Hakujua. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo.

Sasa nyungo. Wewe ndiye uliyeianzisha ile kazi, siku ng'ombe wa Mzee Zablon walipolala katikati ya uwanja na Bramli yuko juu anashuka na kindege chake. Ulitoka jikoni mbio na nyungo mbili, unazipunga juu ya kichwa, mchele wote unamwagika. Akainua ndege, akazunguka. Alipotua hakusema asante wala nini. Alikwenda stoo akaleta kopo la rangi nyeupe akazipaka nyungo zako bila kuuliza, na wewe ukanuna wiki nzima. Tangu siku ile kazi ikawa hiyo. Kila akirudi ni lazima mtu asimame mwanzo wa uwanja, upande wa kushoto, na nyungo mbili nyeupe. Mikono ikinyooka pembeni, maana yake uko sawa, njoo. Mikono ikipunga juu ya kichwa, usitue, zunguka. Ulipoolewa ukaniita kutoka Susuni, ukanikabidhi nyungo, ukaniambia, "Hii si michezo, Okumu. Yule mzee akiwa juu anakuangalia wewe."

Uliniambia hukuwahi kujua kwa nini anataka hivyo. Mimi nilikuja kujua. Acha nikueleze, maana bila hilo huwezi kuona ubaya wa nilichofanya.

Wewe ulikaa naye miaka kumi na minne, lakini yeye si mtu wa kusimulia. Mimi nilimpata kupitia vile vitabu vyake vyenye majalada ya bluu, vilivyokaa juu ya kabati la dawa. Ulikuwa unavipangusa vumbi tu. Kumbe mle kila safari aliyowahi kuruka maishani ina mstari wake mmoja: tarehe, ndege gani, alikuwa na nani, dakika ngapi, nini kilitokea. Nilivisoma kwa ile kamusi yangu ambayo panya walikula A na B yote, kwa hiyo Kiingereza changu kinaanzia C. Nikikwama namfuata, ananijibu maneno matatu, nayaunga mwenyewe.

Alizaliwa mji wa kuunda meli, baba yake alikuwa mgonga misumari ya meli. Yeye akachukia kelele za nyundo, akataka kuruka. Alipofika miaka kumi na tisa vita ikaanza, akajiandikisha jeshi la majini. Mimi nikamuuliza, sasa jeshi la majini na ndege wapi na wapi? Akacheka kidogo. Kumbe kuna meli, shangazi, ambazo juu yake hazina chochote, ni tambarare tu kama meza, na ndege zinaruka pale na kurudi pale! Ndege zenyewe za miti na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini kama kereng'ende. Watu watatu ndani: rubani, wa kusoma ramani, na wa nyuma mwenye bunduki na simu ya upepo.

Kuruka si kazi, alisema. Kazi ni kurudi. Umetoka masaa mawili, meli haikukungoja, nayo inakwenda zake, uitafute kwenye bahari yote ile ya kijivu. Ukiipata, uwanja wake ni mfupi, kama kutoka jikoni kwako hadi kisima cha Zablon, na unapanda na kushuka na mawimbi. Rubani hawezi kujua mwenyewe kama yuko juu sana au chini sana. Kwa hiyo pembeni anasimama mtu mmoja na vibao viwili mikononi. Huyo ndiye macho yako. Akisema njoo, njoo. Akisema zunguka, zunguka. Hakuna kubishana.

Sasa umeelewa, shangazi? Ulipotoka na nyungo zako aliona yule mtu wa vibao. Aliona kitu alichokuwa hajakiona miaka thelathini.

Kuna nishani pia. Iko kwenye kopo la kakao pamoja na ndoano zake za samaki, msalaba mdogo wa fedha na utepe. Alipewa mwaka 1944, huko kaskazini kwenye bahari ya barafu, walikuwa wanalinda msafara wa meli za chakula, akazamisha nyambizi ya adui. Barua ya mfalme imo humo humo, imeandikwa ushujaa, ushujaa, mara tatu nimehesabu. Nikamwambia, "Mzee, hii ningekuwa nayo mimi ningeivaa hata kwenye kuoga." Halafu akanifungulia kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa siku ile ile.

Mstari unasema nyambizi imezama. Halafu unasema walirudi, mafuta yamekaribia kuisha, mawimbi makubwa, mtu wa vibao akapunga juu: zunguka. Bramli hakuzunguka. Alijiona anajua. Akashusha. Meli ikapanda, gurudumu likagonga ukingo, ndege ikaanguka baharini. Yeye na msoma ramani wakavutwa kwa kamba. Yule wa nyuma, kijana wa miaka kumi na tisa anaitwa Eddi, hakuonekana. Mwisho wa mstari, kwa mkono wake Bramli, yapo maneno mawili ya Kiingereza: kosa la rubani.

Nikamuuliza kama wale waliompa nishani walijua. Akasema, "Walisoma nusu ya mstari." Akafunga kitabu. Kisha akasema, "Tangu siku ile sijabishana na vibao, Okumu. Hata mara moja."

Baada ya vita hakukaa kwao. Alikuja huku kunyunyizia nzige dawa, miaka na miaka, halafu akaanza kuhesabu nyumbu kwa ndege, mpaka akatengeneza ule uwanja wetu wa Natta na wewe ukamkuta hapo. Huyo ndiye mtu uliyenikabidhi.

Mwezi wa tisa mwishoni Mzee alinituma nichimbe shimo la mti mpya wa ule mfuko wa kuonyesha upepo, kwenye ncha ya magharibi ya uwanja. Nikafika kiunoni, sururu ikagonga jiwe jeupe. Moyo uliruka shangazi, siwezi kukuficha. Nikaliponda, nikaliosha kwenye karai, na ukingoni ukabaki mstari mwembamba, manjano. Mwembamba kama uzi, lakini upo!

Hapo ningemwambia Mzee. Nilimwambia Selestine.

Selestine akasema tuchimbe kimya kimya wiki moja, kila Mzee akiruka, halafu tunafukia, uwanja ni wake na udongo tunamrudishia, ana hasara gani? Kikasikika ni kitu cha akili kabisa. Tukachimba mawili mengine upande ule wa magharibi, mwisho kabisa, ambako ndege haifiki maana huwa anatua kutoka mashariki na kusimama mapema. Na kwa sababu kilima kimejaa macho, tukayafunika. Fito juu, majani juu ya fito, udongo juu ya majani, tukapanda hata nyasi, na Mzee nikamwambia shimo la mti bado sijalichimba. Ningekuwa mjinga kidogo ningeyaacha wazi na Mzee angeyaona kutoka juu. Lakini mimi ni fundi, nilifunika vizuri.

Mzee Zablon alipita na ng'ombe wake, yeye ndiye analipwa na kambi ya wageni kulinda uwanja. Nikamwambia tunatengeneza mti wa upepo. Akasema, "Vizuri, vijana, Mungu awape nguvu." Akatuachia maji yake ya kunywa.

Tarehe sita Oktoba, siku ya Jumanne, Mzee aliondoka asubuhi. Mchana nikawasha moto wa majani mabichi kama kawaida ili moshi umwonyeshe upepo. Moshi ukalala upande usio wake. Upepo umegeuka. Nikajua hapo hapo kwamba leo anatua kutoka magharibi, juu ya mashimo yetu.

Nikachukua nyungo nikakimbia upande ule. Namsikia anakuja. Shangazi, nilikuwa na muda. Nataka ulijue hilo. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuinua mikono. Mafuta alikuwa nayo, Ikoma ni dakika kumi tu, angezunguka, angekwenda kutua kule, basi. Lakini nikafikiri: nikimpungia atauliza kwa nini. Atatembea kwa miguu aangalie. Atayaona. Nikafikiri tena: ni hatua ishirini tu, huwa anagusa chini mbele zaidi, atayapita. Yote hayo niliyafikiria nimesimama.

Nikanyoosha mikono pembeni. Uko sawa, njoo.

Alinitazama, na akaja vile vile nilivyomwambia.

Gurudumu la kushoto liliingia kwenye shimo la kwanza, lile la mti wa upepo. Ndege ikapiga pua chini, mkia ukapanda, ikapinduka, magurudumu juu. Nikabaki na mikono imenyooka. Aliyefika wa kwanza ni Zablon, kutoka malishoni, mzee yule mbio kuliko mimi, akavunja mlango kwa mikono mitupu na petroli inatiririka. Alinipigia kelele, "Okumu! Shika miguu! Unatazama nini wewe?" Hapo ndipo nikaangusha nyungo.

Yupo hai. Nilipaswa kukwambia mapema, samahani. Amevunjika nyonga, mkono wa kulia na mfupa wa bega. Amelazwa hospitali ya misheni. Lakini daktari amesema kuruka basi, na kutembea ni kwa gongo. Nilipoambiwa nikaenda kukaa nyuma ya jiko la hospitali. Mtu wa miaka sabini na mbili, hana mke, hana mtoto, alikuwa na kile kindege.

Wiki ya pili aliniambia nimpelekee kitabu na kalamu. Nikadhani anataka kusoma. Akaniuliza, "Vibao vilisemaje?"

"Vilisema uko sawa, Mzee."

"Na nilikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa."

Akaangalia dari. Akasema, "Basi. Vibao ni vya kasi na kimo tu. Ardhi ni ya rubani kuiangalia." Mkono wake umefungwa plasta, kwa hiyo akanisomea niandike. Tarehe. Ndege. Dakika tisini na tano. Halafu mwisho yale maneno mawili: kosa la rubani.

Nikaandika, shangazi. Miaka mitatu nimekuwa na hamu ya kuandika hata mstari mmoja kwenye kile kitabu, kwa Kiingereza changu nilichojifundisha mwenyewe. Mstari wenyewe ndio huo. Akaniambia mwandiko wangu ni mzuri.

Kesho yake baada ya ajali habari zilishasambaa kwamba uwanjani kuna mashimo, na kama kuna mashimo kuna dhahabu. Siku ya tatu walikuwepo watu arobaini. Sasa hivi huwezi kuujua ule uwanja, umekuwa kama mzinga wa nyuki. Selestine akanipiga begani, "Una bahati wewe. Mashimo mia! Nani atajua la kwanza ni lipi? Funga mdomo. Tena hapa wewe ni mgeni, mtu wa Susuni, watakutoa mbio." Halafu akahamia Nyamongo.

Lakini watu wanataka mtu wa kulaumu, na wamempata Mzee Zablon. Kambi ya wageni imemwachisha kazi. Wanasema aliuza uwanja kwa wachimbaji, ndiyo maana alifika wa kwanza, alikuwa anajua. Mimi wananisifu! Mama ntilie mmoja alinipa chapati bure, "kijana jasiri wa nyungo". Nikaila, njaa ilikuwa inaniuma. Nimeijutia mpaka leo ile chapati.

Mkutano wa kijiji umepangwa Jumamosi hii. Wamemtaka Zablon aape kiapo cha kimila, kile cha kushika kitu mbele ya watu kwamba kama ni uongo nyumba yake iishe. Na unamjua Zablon, mzee wa kanisa, miaka thelathini anashika Biblia tu. Amekataa. Sasa ndio wamepata la kusema, kila anakopita vijana wanamwita, "Baba, kama mikono yako safi unaogopa nini?" Akikataa Jumamosi watamtenga, mtu asimsalimie, asichote maji kisimani, kisima alichokichimba mwenyewe.

Alikuja kwangu. Mkewe, Mama Agustina, alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, maana niko peke yangu, wanasema. Zablon akaketi mlangoni akaniambia, "Mwanangu, wewe ulikuwepo na nyungo zako. Jumamosi utasema ulichoona?" Nikasema ndiyo, Mzee, nitasema. Akashukuru. Akaondoka na mgongo umenyooka kidogo. Shangazi, yale maziwa niliyamwaga nyuma ya nyumba.

Kuna kanuni moja Mzee Bramli alinifundisha ya kile kitabu. Hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu, mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka, unaandika la kweli juu yake, unasaini jina lako lote. Jumatatu nilikaa mezani kwako, ile meza ya jikoni, nikapiga mstari juu ya kosa la rubani. Juu yake nikaandika: Nilichimba shimo, nikalificha, na nikijua lipo nikampa ishara aje. Okumu Omolo. Ilinichukua mchana mzima kwa sababu "ficha" kwa Kiingereza nilitaka neno lenyewe.

Jumanne nikampelekea. Alisoma polepole. Wagonjwa wengine walikuwa wanabishana kuhusu uji, nikatamani wasinyamaze.

Akaniuliza, "Kwa nini hukuinua mikono?"

"Niliogopa utaniuliza kwa nini."

"Ndiyo," akasema. "Ningeuliza."

Basi. Akaomba kalamu. Kwa mkono wa kushoto, ule usiojua kuandika, akasaini chini ya jina langu, kama mkubwa wao alivyokuwa anasaini vitabu vyao wakati wa vita. Ilichukua muda mrefu. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba, ilionekana kama kuomba kitu kingine tena kwake. Akasema, "Mimi nimeshasoma. Zablon bado." Nilipofika mlangoni akaniita, nikageuka haraka, nikafikiri labda sasa. Akasema, "Nyungo zirudishe kwa mwenyewe."

Jana nikaenda kwa Zablon. Alikuwa anakamua. Nilimweleza yote nimesimama, hata ile ya maji aliyotuachia. Hakugeuka, aliendelea kukamua mpaka maziwa yakaisha. Akasema, "Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua sikuchimba. Kawaambie wao." Akaingia ndani na ndoo. Mama Agustina hakunitazama.

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama. Nitakuwa na kitabu, wapo wanaojua Kiingereza waseme kama nimetafsiri uongo. Dhahabu yenyewe tuliyoitoa mle, sehemu yangu, iko kwenye kifuniko cha kalamu ya biki na hata haijakijaza. Nitaimwaga mezani waione, waione ilivyo ndogo. Baada ya hapo watakavyoamua. Wanaweza kunipiga, wanaweza kunitoa Natta. Sikuandikii unionee huruma. Nakuandikia leo, kabla, kwa sababu najijua, na Wangwe akishaondoka na barua hii sina tena pa kujificha. Ikikufikia mkutano utakuwa umeshapita. Kama utasikia nilinyamaza, utakuwa na mkono wangu mwenyewe wa kunishitaki.

Sasa fungua gunia.

Nimezisugua kwa majivu na mchanga lakini rangi imeingia kwenye ukindu, haitoki yote. Ya kulia ina ufa, niliiangusha juu ya jiwe siku ile. Kama bado zinapepeta, pepetea. Kama utaona huwezi kuziangalia, mpe jirani asiyejua habari. Usizirudishe kwangu, hata nikikuandikia kwa maneno matamu, na unajua maneno ninayo. Zirudishe siku utakapopata barua yenye mkono wa Mzee Zablon inayosema zirudi.

Mwandikie Mzee Bramli, shangazi. Andika kwa Kiswahili tu, anasoma vizuri. Usinitaje. Mwulize kuhusu uji wa hospitali, atafurahi kuwa na mtu wa kumlalamikia.

Nisalimie Baba Ochieng kwa heshima, Ochieng na mkono wake wa kushoto, na Adhiambo. Bibi wa Susuni bado hajui, nitakwenda mwenyewe kumwambia, hilo si la barua. Nyasaye awalinde huko kwenye baridi, na kifua chako kipone kabla ya Krismasi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na ninayeona haya kukwambia hivyo leo,

Okumu Omolo.